Papi za Tanga: Namna ya Kuzirudisha na Kuzifunga Zisipotee Tena

Hotuba iliyosomwa na watunzaji wa mashua ya Chama Kikuu mbele ya wanachama, katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme nanyi leo juu ya jambo ambalo kwa ndugu zetu wasiopanda chombo laweza kuonekana dogo mno, nalo ni vijiti vinne vinavyokaa ndani ya tanga la mashua yetu. Wenzetu waliotutangulia hapa wamesema juu ya bei ya korosho, juu ya madeni ya pembejeo na juu ya ghala jipya, nasi hatukusudii kushindana nao. Lakini wanachama wa visiwani wameuliza katika mikutano miwili kwa nini mashua ilikaa ufuoni wiki tatu katikati ya msimu wa kupima, na kwa nini fedha za Chama zilinunua sindano na nyuzi ilhali chombo hakikupasuka ubao hata mmoja. Swali hilo ni la haki, maana mashua ni yao, na hotuba hii ndiyo jibu lake.

Kwanza yafaa tueleze chombo chenyewe. Mashua za kwetu na ngalawa hutweka tanga la pembe tatu juu ya foromali, na kwa kawaida ukingo wa nyuma wa tanga hilo haukatwi kwa kutokeza nje, kwa hiyo hauhitaji kitu cha kuushikilia. Mashua yetu hii ni ya namna nyingine. Urefu wake wapata mita tano, iliundwa kwa mtindo wa Ulaya, na Chama kiliinunua ikiwa imekwisha kutumika kwa mashindano ya tanga. Mlingoti wake umesimama wima, chini ya tanga upo mti unaolala kuelekea tezi, na ukingo wa nyuma wa tanga umetuna kama tumbo la mtungi. Ukivuta uzi kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini ya nyuma utaona kwamba kipande kizima cha kitambaa kimebaki nje ya uzi huo. Kitambaa hicho cha ziada ndicho kinachoipa mashua mbio wakati wa upepo mdogo, na ndicho hicho hicho kinacholeta taabu, kwa sababu hakina kamba wala mti wa kukisimamisha. Upepo ukikipata pekee hukikunja, kikaanza kupigapiga.

Basi washonaji hushona mifuko minne myembamba inayoanzia ukingo wa nyuma na kuingia ndani kuelekea mlingoti, na katika kila mfuko hutia upapi mmoja, yaani kipande chembamba cha mti, mwanzi au fibaglasi kinachopindika bila kuvunjika. Wengine huuita ufito, nalo si jina baya, lakini sisi tutasema upapi, kwa kuwa kitu chenyewe ni bapa. Katika tanga letu upapi wa juu kabisa ni mfupi, wa pili na wa tatu ni sawa kwa urefu, na wa nne ni mfupi kidogo kuliko hao wawili.

Na mtu asidhani kwamba vijiti ndani ya tanga ni uzushi wa Wazungu. Wachina tangu kale wamelivusha tanga zima kwa mianzi kutoka ukingo hadi ukingo, hata tanga likitoboka mahali pamoja sehemu nyingine huendelea kufanya kazi, na nahodha akitaka kulipunguza hushusha daraja moja au mbili tu. Vyombo vya namna hiyo vilisafiri chini ya amiri Zheng He kati ya mwaka 1405 na 1433, na baadhi ya safari hizo zilifika pwani hii yetu. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Kwetu wakati huo mitepe ilikwenda kwa tanga la mraba lililosukwa kwa miyaa kama mkeka. Hayo tunayataja kwa kupita tu.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Msimu wa korosho ulikuwa umechanganya, na kaskazi imekwisha kuanza kuvuma. Mashua ilitoka alfajiri kumpeleka karani wa kupima katika Chama cha Msingi cha kisiwani, pamoja na mizani, daftari na muhuri. Katika kugeuza tanga upande wa pili, tanga lilipigapiga kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini hivi, na katika muda huo upapi wa juu ulichomoka ukaruka baharini, na wa tatu ukaufuata. Ukingo wa nyuma ukalegea pale pale. Mlio wake ulikuwa kama mlio wa bati lililong'oka juu ya paa, na kwa kila pigo mshono ulizidi kufumuka. Ikalazimu tanga litulie chini na watu washike makasia. Karani alifika kisiwani alasiri badala ya saa tatu ya asubuhi. Wakulima waliokuwa wamekaa juani na magunia yao tangu asubuhi, wengine walikwisha kurudi nyumbani, na wengine, ambao walikuwa na mgonjwa au ada ya shule, walikwisha kuuza kwa mnunuzi wa kangomba aliyekuwa akizunguka ufuoni na bakuli lake. Bei aliyowapa ninyi mwaijua. Upapi mmoja una uzito mdogo kuliko sahani ya wali, lakini siku ile gunia kadhaa za wanachama zilitoka mikononi mwa Chama kwa sababu ya papi mbili.

Tulipolitandika tanga mchangani tulitazama jambo moja kwanza: papi zile hazikuvunjika. Zingevunjika, vipande vingebaki ndani ya mifuko. Zilitoka nzima, na kitu kikitoka kizima ndani ya mfuko, kosa si la kitu, ni la mfuko. Watu wengi hapo hukimbilia kuchonga upapi mpya, wakautia, wakatweka, na baada ya safari mbili upapi mpya nao unaufuata wa kwanza. Hayo ni sawa na kutia mahindi mapya katika gunia lililotoboka.

Mfuko wa tanga letu umefungwa pande zote isipokuwa penye ukingo wa nyuma, na hata hapo mdomo wake haukuachwa wazi mbele kwa mbele. Nusu ya mdomo imefunikwa kwa mkunjo wa kitambaa, na nusu iko wazi, ili upapi uingizwe kwa kuinamishwa, kisha mwisho wake wa nyuma usukumwe chini ya ule mkunjo. Ndani kabisa, mwisho wa mfuko, kuna utepe wa lastiki unaousukuma upapi urudi nyuma na kukaa imara chini ya mkunjo wake. Maadamu lastiki ni hai na mkunjo ni mzima, upapi hauna pa kupita. Katika mifuko miwili iliyopoteza papi tulikuta lastiki imekauka, ukiivuta yakatika kama uzi wa buibui, na mshono wa mkunjo umeliwa na jua. Basi upapi ulipokuwa ukitikiswa uliteleza ndani kidogo, mwisho wake ukatoka chini ya mkunjo, ukaupata mdomo ulio wazi, ukaenda zake.

Na kwa nini uzi uliliwa hali kitambaa kingali kizuri? Kitambaa hiki si pamba. Ni kitambaa cha poliesta, kitu kilichogunduliwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson, na katika miaka ya 1950 kikaanza kuchukua mahali pa pamba katika matanga. Hakiozi kwa unyevu kama pamba, nayo ni sifa kubwa, lakini ni kigumu, hata uzi wa mshono haudidimii ndani yake kama udidimiavyo katika pamba. Uzi hukaa juu ya kitambaa, ukakwaruzwa na kila kamba na kupigwa na jua kabla ya kitambaa chenyewe. Kwa hiyo tanga la poliesta hufa kwanza penye mishono. Mtu akitaka kulijua tanga lina afya gani asitazame weupe wake. Apitishe ukucha juu ya mshono, na uzi ukikatika kwa ukucha, kazi imekwisha kumfikia.

Hiyo ndiyo sababu ya wiki tatu, ndugu wanachama. Kuchonga papi kulichukua siku mbili. Kungojea uzi uliofaa kutoka Dar es Salaam kulichukua siku kumi na moja, na siku zilizobaki zilikwenda katika kufumua na kushona, mikono miwili, tundu kwa tundu.

Juu ya mali ya kuchongea upapi tulipata mashauri mengi, na tunawashukuru waliotushauri, ijapokuwa mengine tuliyakataa. Mmoja alileta bendi ya chuma inayofungia marobota. Chuma kina kutu, na ncha yake hukata kitambaa kama wembe. Mwingine alileta bomba la maji la plastiki lililopasuliwa. Hilo hupindika vizuri asubuhi, lakini likikaa juani hupata kibyongo kisichonyooka tena. Fibaglasi ndiyo bora kwa sasa, hainywi maji na hairukwi na umbo lake, ila inunuliwe mjini, na anayeikata hana budi kuilowesha maji na kufunika pua na mikono, maana vumbi lake ni vioo vidogo vidogo vinavyoingia katika ngozi. Mti mkavu wenye nyuzi zilizonyooka wafaa pia. Dosari yake ni kwamba ukivunjika hutoa vibanzi vinavyotoboa tanga.

Sisi tulianza na mwanzi. Mzee mmoja mwanachama alikuwa na mwanzi uliokaa darini kwake miaka mingi akiuweka kwa ajili ya upondo, akautoa bila kudai kitu. Mwanzi wa kazi hii uwe umekomaa, wa miaka mitatu au zaidi, na uwe umekaushwa kivulini. Mwanzi mchanga hauna nguvu. Wenzetu wa Iringa na Njombe wana shughuli nyingine nao, nasi hatuwaingilii. Upasuliwe, kisha upigwe randa upande wa ndani tu. Ganda la nje lisiguswe, kwa kuwa nyuzi zenye nguvu zimesongamana karibu na ganda. Vifundo vikwanguliwe mpaka vilingane, ncha zote mbili ziviringwe kwa tupa na msasa mpaka zisikwaruze hata shavu la mtoto, kisha upakwe vanishi mara mbili.

Urefu hupimwa kwa mfuko wenyewe, wala si kwa upapi wa jirani. Tulitia kamba nyembamba ndani ya mfuko mpaka mwisho, tukaivuta taratibu, tukapata sentimita 76 na nusu; upapi tukaukata sentimita 75. Upungufu wa sentimita moja na nusu hivi unatosha. Ukizidi, upapi hupata nafasi ya kucheza na kutafuta mlango. Usipokuwapo kabisa, upapi huvuta kitambaa na mwisho wake wa mbele hutoboa mfuko kwa ndani, nalo ni tundu baya kuliko yote, kwa sababu haulioni mpaka limekuwa kubwa.

Lakini urefu peke yake hautoshi, na hapa ndipo mizani ya Chama ilipotufaa kwa kazi ambayo haikununuliwa kwayo. Upapi unapaswa kuwa mgumu upande wa ukingo, na laini upande unaoelekea mlingoti, maana huko mbele ndiko tanga linakofanya tumbo, na upapi mgumu hapo hulivunja tumbo hilo. Basi utajuaje kwamba upapi mpya una ugumu sawa na ule uliopotea? Upapi wa pili haukupotea, nao ni sawa na wa tatu kwa urefu. Tuliusimamisha wima juu ya mizani ndogo ya kupimia sampuli za korosho, tukaukandamiza kwa kiganja kutoka juu, polepole, mpaka ulipoanza kupinda, tukasoma mizani. Ilionyesha kilo tatu na nusu. Kisha tukausimamisha ule wa mwanzi, nao ukaonyesha kilo tano. Tukaupiga randa, zaidi upande wa mbele, tukaupima tena, mpaka ukakubali kupinda penye kilo tatu na nusu kama ndugu yake. Ulipofika hapo unene wake ulikuwa milimita nne hivi. Zaidi ya hayo tulitazama mahali unapopinda sana, pawe karibu na ncha nyembamba wala si katikati. Karani alisimama akituangalia kwa wasiwasi, akihofia mizani yake, lakini mwisho alikuwa yeye ndiye anayesoma namba kwa sauti.

Kipimo hiki ni cha kulinganisha papi za urefu mmoja. Upapi mrefu hupinda upesi kuliko mfupi hata kama unene ni sawa, kwa hiyo upapi wa juu, ambao haukuwa na mwenzake, hatukuweza kuupimia kwa njia hiyo. Tuliuchonga kwa kukadiria, tukaenda nao majini upepo ukiwa wa wastani, na mmoja wetu akalala chali chini ya mlingoti akilitazama tanga. Penye mwisho wa ndani wa mfuko lilionekana kunyanzi kali, kama karatasi iliyokunjwa. Hiyo ni alama kwamba ncha ya mbele bado ni ngumu. Tulirudi tukaipunguza, na safari ya tatu kunyanzi likatoweka.

Sasa mifuko. Tulifumua mshono wote wa zamani wa mifuko miwili iliyoharibika, hata palipoonekana pazima, kwa kuwa uzi uliopigwa na jua la mwaka mmoja haufai kusaidiwa na uzi mpya kando yake. Ndani, panapogota ncha ya upapi, tulishona kiraka cha kitambaa cha aina ile ile, pembe zake zimeviringwa ili kisianze kubanduka kwa pembe, na juu yake ukanda wa ngozi laini. Lastiki ikatiwa mpya. Uzi uwe wa poliesta, upakwe nta ya nyuki kabla ya kushonea. Sindano ni ile ya matanga yenye ncha ya pembe tatu, na kiganjani huvaliwa ngozi yenye kipande cha chuma cha kusukumia sindano, la sivyo siku ya pili mkono haufungi. Yeyote anayedhani kwamba kazi hii yaweza kufanywa kwa sindano ya kanzu na ajaribu.

Juu ya kufunga mdomo wa mfuko zipo njia kadhaa, na katika hili tuna maoni yetu. Wengine hushona mdomo wote ukafungwa kabisa. Upapi hautoki, ni kweli, lakini hautoki hata unapotaka kuutoa, na tanga haliwezi kuoshwa chumvi vizuri wala upapi uliovunjika hauwezi kubadilishwa kisiwani. Wengine hubandika utepe wa gundi juu ya mdomo, nao wafaa kwa safari moja ya dharura na haufai kwa ya pili. Wengine hushona kifuniko chenye Velcro. Kitu hiki alikitunga Mswisi George de Mestral, aliyeanza kwa kutazama mbegu za majani zilizoganda katika manyoya ya mbwa wake, akapata hati ya uvumbuzi miaka ya 1950. Kila mkulima hapa aliyetoka shambani na suruali imejaa kishona-nguo alikuwa na uvumbuzi huo miguuni mwake, ila alikuwa na haraka ya kwenda kula. Velcro ni nzuri ikiwa mpya na safi. Katika mashua inayopandwa na watu wenye mchanga miguuni na magunia yenye nyuzi za katani, vijindoana vyake hujaa takataka, navyo huachia siku ile ile unapovitegemea. Hatukuitumia.

Tulichofanya ni hiki. Mkunjo wa kitambaa unaoufunika mwisho wa upapi tuliushona upya kwa misitari miwili, tukaurefusha kidogo, hata sehemu ya mdomo iliyo wazi ikapungua kwa nusu. Upapi sasa huingia kwa kupindwa, na kitu kinachoingia kwa kupindwa hakitoki kwa bahati. Kisha, kando ya mdomo, tulitia tundu mbili zenye pete za shaba, moja kila upande wa mfuko, na mwisho mnene wa upapi tukautoboa tundu kwa msumari uliopashwa moto, maana kekee huupasua mwanzi. Karibu na tundu hilo upapi umezongwa uzi ili usipasuke. Kamba nyembamba ya nailoni hupita katika pete ya kwanza, katika upapi, na katika pete ya pili, ikafungwa fundo la kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, na ncha zake zikachomwa kwa kiberiti na kufichwa chini ya mkunjo. Fundo la kinyume, yaani kulia juu ya kulia, huteleza. Twalisema kwa sababu tumeliona katika magunia ya wanachama pia. Sasa upapi umeshikwa na vitu vitatu: lastiki inausukuma, mkunjo unaufunika, na kamba inaufunga. Kimoja kikifa vingine viwili vitaufikisha nyumbani.

Kazi hiyo imedumu kwa msimu mzima uliofuata bila upapi kutoka, ila haitadumu ikiwa tanga litatendewa vibaya. Kinachoua papi na mishono ni kupigapiga. Tanga litwekwe omo ikiwa imeelekea upepo, kila kitu kikiwa tayari, henza ikazwe mara moja, na chombo kiondoke. Asiwepo mtu wa kuliacha likipepea huku akimsubiri abiria aliyesahau mfuko wake. Upapi ukitoka baharini mtu asijaribu kuurudisha hali tanga limesimama. Litulieni kwanza. Mkilazimika kuendelea, upepo ukiwa mdogo chombo kitakwenda, kwa taabu, bali demani isilegezwe hata tanga likaanza kupiga. Mkifika, tanga lisikunjwe kama shuka. Litandazwe, liviringwe kutoka juu kwenda chini kwa kufuata mlalo wa papi, lifunikwe lisipigwe na jua. Jua la mchana mmoja juu ya tanga lisilofanya kazi ni hasara ya bure. Na mabibi na mabwana wanaopenda kuketi juu ya tanga lililoviringwa, kwa kuwa ni laini, tunawaomba wakae juu ya magunia.

Wako wanachama waliosema, na wamesema kwa nia njema, kwamba taabu yote hii ingekwisha kwa kununua mashine. Hatupingi mashine. Siku upepo unapokufa kabisa tungefurahi kuwa nayo. Lakini mashine huomba mafuta kila safari, na inapoharibika katikati ya mkondo hairekebishwi kwa mwanzi wa darini. Chama kikiweza kununua, na kinunue, na tanga libaki katika chombo. Vifaa vyote vya kushonea, pamoja na uzi utakaotosha miaka kadhaa, viligharimu Chama chini ya bei ya gunia moja la korosho, na Bwana Mweka Hazina anazo stakabadhi zake kwa yeyote anayetaka kuziona.

Yamebaki mambo machache ya kuarifu. Mifuko miwili ambayo haikupoteza papi bado ina uzi wa zamani. Ule wa chini tumeupitishia ukucha, nao si wa kutumainiwa. Tutaufumua kabla kusi haijaanza, na kwa siku nne mashua haitasafiri, kwa hiyo makatibu wa vyama vya visiwani wapange mambo yao mapema. Papi za fibaglasi zimekwisha kufika na ndizo zilizomo sasa katika tanga. Zile mbili za mwanzi ni akiba. Zimefungwa pamoja kwa kamba chini ya kiti cha tezi, moja imeandikwa 1 na nyingine 3, kwa mujibu wa mfuko wake kuanzia juu, nazo zisitumiwe kwa kupimia kina cha maji wala kufukuzia kuku. Sindano, nta na ngozi ya kiganja ziko kwa mtunza ghala. Tunaiomba Halmashauri iruhusu kila Chama cha Msingi cha kisiwani kileta kijana mmoja, mwanamume au mwanamke, akae nasi siku hizo nne za kufumua na kushona. Na kwa wale wanaotaka kuyaona haya kwa macho, tanga limetandazwa chini ya miembe nyuma ya ghala, mfuko wa tatu umeachwa wazi, na mizani ya karani iko kando yake.